Msichana niliyempigania ameozeshwa usiku. Nianze upya kwa nguvu gani?

BARUA

Shikamoo mama.

Mimi ni fundi cherehani katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kahama, nina miaka 38 na watoto wanne. Cherehani ndiyo inayotulisha. Lakini tangu mwaka 2018 nina kazi nyingine isiyo na mshahara: ni msaidizi wa kisheria. Nilipata mafunzo, nikapewa cheti, na wanawake wakaanza kuniletea mashauri yao ya talaka, mirathi na matunzo ya watoto. Kuliko yote, naletewa habari za wasichana wanaotolewa shule ili waolewe.

Mwezi wa saba mwaka jana alinijia msichana wa kidato cha pili, miaka 16. Alisimama mlangoni kibandani kwangu jioni akasema, "Mama fundi, nimesikia baba ameshapokea ng'ombe." Kesho yake nilikwenda naye kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, hadi tukafika dawati la jinsia polisi. Baba yake aliitwa. Akakana, akabembeleza, mwishowe akaweka saini kwamba hatamwozesha. Nilirudi nyumbani nikashangilia. Sketi yake ya shule ilikuwa fupi na imepauka, nikamshonea nyingine bure.

Hakuja kuichukua. Wiki tatu baadaye alipakiwa kwenye pikipiki usiku, na sasa nasikia yuko kwa mume wilaya nyingine. Nilipofuatilia niliambiwa nilete shahidi. Mama yake mzazi akasema binti ameenda kumsaidia shangazi yake. Wazee wa pande mbili wameshamalizana.

Tangu siku hiyo wateja wamepungua. Kuna wanaoniita mvunja ndoa. Sungusungu walimwambia mume wangu anidhibiti, na yeye, ambaye miaka yote aliniunga mkono, sasa anasema watoto wanahitaji kula. Tulikuwa wasaidizi watano, tumebaki wawili. Kila nikisimama kwenye mkutano wa kijiji kusema msichana asiolewe kabla ya miaka 18, mzee mmoja hunyoosha mkono na kuuliza, "Sheria ya Ndoa inasema miaka mingapi?" Siwezi kusema uongo mbele ya watu. Inasema 15, mzazi akiridhia. Mahakama ilishasema ibadilishwe, miaka inapita, na mimi ndiye ninayebaki nimesimama pale nikitazamwa.

Usiku silali vizuri. Nikimwona msichana ananunua nyanya gulioni najiuliza kama ng'ombe wake naye wameshafika zizini. Naomba usiniambie nivumilie, hilo nimeambiwa vya kutosha, na kusali nasali. Nauliza kingine. Jambo lililokwisha kukushinda, unalianzaje upya? Au ni haki yangu sasa kuliweka chini?

Fundi, Kahama

JIBU

Marahaba mwanangu.

Kwetu mtu akifa tunakaa matanga. Majirani wanaleta unga na kuni, wanalala nawe chini, na hakuna anayekuuliza kwa nini hujafungua duka. Huyu binti hajafa, kwa hiyo hukupewa hata siku moja ya kumlilia. Uliondoka polisi ukaenda kwa mtendaji, ukatoka kwa mtendaji ukarudi kwenye cherehani, na wateja waliokuja walikuja na maneno. Kwa hiyo kabla sijakushauri lolote kuhusu kazi, mtafute huyo mwenzako mmoja aliyebaki. Kaeni siku nzima, mpike, mumtaje binti yule kwa jina lake, mlie kama mnataka kulia. Na kama baada ya hapo wiki zinapita na usingizi bado haurudi, nenda kituo cha afya ukaeleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Usingizi uliopotea kwa majonzi ni ugonjwa kama malaria, na una tiba.

Umeniuliza kama ni haki yako kuliweka chini. Ndiyo, ni haki yako. Nakujibu wazi kwa sababu watu wanaofanya kazi kama yako hushikwa mateka na sifa zao wenyewe. Lakini nikueleze pia yaliyonipata mimi nilipoliweka chini.

Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii kwa miaka mingi katika Kanda ya Ziwa. Mwaka 1996 nilishindwa na jambo linalofanana na lako, tofauti ni kwamba binti niliyempigania mimi alikuwa wa darasa la sita. Niliona aibu kiasi kwamba nikaomba uhamisho. Nikapelekwa kwingine, nikawa nafundisha majiko sanifu na vikundi vya kukopeshana, kazi nzuri isiyomkasirisha mtu. Miaka miwili baadaye mhudumu wa ofisi ya zamani akanieleza, katikati ya mazungumzo mengine kabisa, kwamba kuna msichana aliwahi kuja pale akiwa na mtoto mgongoni akimuulizia "yule mama". Aliambiwa yule mama amehama. Akakaa kwenye benchi mpaka mchana, akaondoka. Hakuandika jina wala hakusema anakwenda wapi.

Nimebeba benchi lile mpaka leo. Sikulaumu kwa kuchoka, nami nilichoka. Nataka tu ujue kwamba kesi uliyoihesabu kuwa imeisha huenda bado iko njiani.

Sasa nikuulize kitu cha kazi yako. Mwanamke aliyeachika akikaa mbele yako, ukamwambia kwamba kupika, kufua na kulea watoto ni mchango wake katika mali ya ndoa na anastahili kugawiwa, maneno hayo umeyapata wapi? Umeyapata kwa Bi. Hawa Mohamed. Mafunzoni bila shaka walikutajia shauri lake dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, mwaka 1983. Kabla ya hapo mahakama zetu zilikuwa zinavutana. Jaji mmoja aliona kazi za nyumbani ni wajibu wa mke tu, hazimpi fungu, mwingine aliona vinginevyo. Bi. Hawa aliachwa, akadai sehemu yake, shauri likapanda ngazi hadi kwa Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake. Wakatamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Tangu siku hiyo hilo ndilo linalosomwa kutoka mahakama za mwanzo kwenda juu.

Ila kuna sehemu ambayo mafunzoni huwa wanaipita haraka. Bi. Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama ilisema mumewe alishampa fedha za biashara, akazitapanya, basi fungu lake alishalipokea. Aliingia mahakamani akidai sehemu ya nyumba, akatoka mikono mitupu. Siku ile, pale nje ya mahakama, kama kuna mtu angemwambia kwamba ameshinda, angeona anadhihakiwa. Nami sitasema alifurahi, kwa sababu hakuna sababu ya kudhani hivyo. Ninachojua ni kwamba kuna wanawake wengi sana nchi hii wanaolala chini ya bati walilogawiwa kwa sababu ya shauri ambalo yeye alilitoka bila hata bati moja. Wewe mwenyewe umemtumia, pengine mwezi uliopita.

Ukweli huu ni mchungu kidogo, na sipendi watu wanavyoufanya mtamu. Hauondoi dhuluma aliyofanyiwa msichana wako. Lakini unajibu swali lako la nguvu zinatoka wapi. Ukizitafuta nguvu ndani ya matokeo ya kesi iliyo mbele yako, utaishiwa, kwa sababu matunda ya kazi hii mara nyingi huangukia uwanja wa mtu mwingine.

Na kuna matunda yasiyo na jina. Msichana aliyeozeshwa ana jina, una sketi yake inaning'inia kibandani. Asiyeozeshwa kwa sababu baba yake alimkumbuka yule fundi mkorofi akaamua kuepuka balaa, huyo hana habari yoyote. Anapita gulioni ananunua nyanya. Katika utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015–16, wasichana 27 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Utafiti wa 2022 ukakuta 22. Ni wengi mno bado, na siwezi kusema nani kafanya nini katika kupungua huko. Lakini katika hao watano waliopungua kwenye kila mia, hakuna hata mmoja aliyepigiwa vigelegele, kwa sababu hakuna anayemjua.

Sasa yule mzee wa mkutanoni. Usimchukie, amekuuliza swali halali na unatakiwa uwe na jibu zima. Mwambie hivi: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema 15, kweli. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vinavyoruhusu hilo, mahakama ikakubali kwamba vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo juu yake hakuna nyingine nchini, ikasema hukumu ile ni sahihi. Kilichochelewa ni Bunge kuandika upya. Halafu umuulize yeye swali: huyo msichana anayezungumziwa yuko shule? Kama yuko shule, umri hauna hata haja ya kujadiliwa. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inakataza kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, na adhabu inafika miaka 30 jela. Hilo halisubiri Bunge.

Lakini hapa nikwambie jambo ambalo wengi katika kazi hii hawapendi kulisema. Miaka hiyo 30 ndiyo iliyokunyima shahidi. Fikiria mama yake binti. Akisema ukweli, mkwe wake anakwenda jela mpaka azeeke, ng'ombe wanarudishwa, mumewe anashtakiwa kwa kuozesha, na yeye anabaki kwenye ukoo ule ule akitazamwa kama aliyewaangamiza. Akisema "ameenda kwa shangazi", kila mtu analala. Sisemi adhabu ipunguzwe, hilo lina wenyewe wa kulijadili. Nasema ng'ombe wakishaingia zizini umeshachelewa, kwa sababu kila mtu ndani ya boma ameshakuwa na kitu cha kuficha. Ulipigana vizuri, ila uliitwa wakati vita vimeshaamuliwa. Lazima ufike mapema zaidi.

Na wewe una njia ya kufika mapema ambayo mimi ofisini sikuwa nayo. Unashona sare. Kila Januari unajua nani kaleta kitambaa na nani hajaleta. Unajua nani mwaka jana alipimwa na mwaka huu mama yake anasema ya zamani bado inatosha wakati wewe ulimpima na unajua haiwezi kutosha. Hilo daftari lako la vipimo ni orodha ambayo hata mwalimu mkuu hana. Lisome kwa jicho hilo. Majina matatu au manne yatakuonyesha mahali pa kupeleka mguu mwezi wa pili na wa tatu, kabla watu hawajavuna, hawajauza pamba na harusi hazijaanza kupangwa. Unaenda kwa baba wakati bado hajaahidi mtu kitu, hajapokea, hajakunywa pombe ya mtu. Hapo bado anaweza kubadili nia bila kuaibika. Ada ya sekondari hakuna tangu 2016, lakini daftari, viatu na michango ipo, na wakati mwingine kinachomsukuma ni deni dogo kuliko unavyodhani. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kulimaliza deni hilo kabla halijageuka kuwa mahari.

Usiende peke yako tena. Nimeona katika barua yako kila mahali ni "nilikwenda", "nilifuatilia", "nikasimama". Ndiyo maana maneno yote yamekuangukia wewe. Kijiji kinatakiwa kuwa na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, chini ya ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili. Kama ipo kwa jina tu, mwombeni mtendaji aiitishe, na barua isainiwe na wengi. Tafuta mwalimu mstaafu mmoja, tafuta katekista au imamu ambaye ana binti shule. Na tafuta baba mmoja, hata mmoja tu, aliyewahi kukataa ng'ombe. Yupo. Huyo akizungumza na wanaume wenzake kwenye mnada itafaa kuliko semina zako kumi, na hili nakwambia kwa kuwa nimeendesha semina nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Polisi msiondoke bila namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa yenu. Na wasichana wafundisheni namba 116, ya simu kwa mtoto, wanapiga bure. Binti anaweza kukosa njia ya kufika kwako usiku, lakini akapata simu ya mtu.

Kuhusu mume wako, kwa maoni yangu hajakosea. Amesema watoto wanahitaji kula, na wanahitaji. Mwanamke ambaye cherehani yake imesimama hawezi kukaa miaka mingine saba kwenye kazi hii, na mimi nataka ukae. Toa siku mbili za wiki kwa mashauri, siku nyingine ni za kushona, anayekuja na kesi siku ya kushona mpe kiti asubiri au mpangie siku. Isipokuwa binti aliyesimama mlangoni jioni, huyo hapangiwi siku. Mweleze mume wako mpango huu kabla hujaanza. Umweleze pia kwamba unamshukuru kwa miaka aliyokuunga mkono. Huenda hajawahi kuambiwa.

Wale watatu walioondoka, waachie. Kama yupo aliyehamia mjini, mpigie simu, kuna siku utahitaji mtu wa kukaa na msichana mgeni stendi.

Mwaka 2017, tulipotangaziwa kwamba msichana aliyezaa hatarudi shule ya serikali, nilikuwa nimeshastaafu, nipo nyumbani na redio. Niliizima. Nilikuwa na hakika hilo litadumu mpaka nifukiwe, nikasema hivyo kwa sauti mbele ya wajukuu, nikawaambia yamekwisha. Wakati mimi nasema yamekwisha, wapo waliokuwa wanaandaa mashauri, wapo walimu waliokuwa wanawatafutia wasichana masomo ya jioni, wapo waliopeleka malalamiko hadi kwenye kamati ya Afrika ya haki za mtoto. Novemba 2021 zuio likaondolewa. Miaka minne na miezi kadhaa. Najua katika miaka hiyo wapo waliopotea moja kwa moja, sitaki kuwasahau kwa sababu habari iliisha vizuri. Lakini nilivyowaambia wajukuu zangu haikuwa kweli, na ilibidi niwaite tena nikawaambia nilikosea.

Kwa hiyo msichana wako, popote alipo, mlango wa shule haujafungwa kisheria, hata akiwa na mtoto. Anaweza kurudi kidato chake. Akiona haya kukaa na wadogo zake, vipo vyuo vya maendeleo ya wananchi, 54 nchi nzima, na programu ya Elimu Haina Mwisho iliyoanzishwa humo kwa ajili ya wasichana waliokatishwa masomo. Tafuta kilicho karibu nanyi, uliza wanapokea lini, andika kwenye karatasi. Kisha mtafute mwanamke mmoja wa ukoo wao anayekwenda kumsalimia: bibi, mama mdogo, yeyote anayeingia nyumba ile bila kutiliwa shaka. Usimtume ujumbe wa kesi wala wa sheria, utamwekea binti hatari. Mpe salamu tu. Aseme, "Mama fundi anakusalimu, bado yuko pale pale."

Inaweza kuchukua mwaka. Inaweza kuchukua mitatu. Inawezekana asije kamwe, na sitakudanganya kwamba atakuja.

Sketi yake usimpe mtu mwingine. Ishushe ulipoitundika, ufumue kiuno uongeze kitambaa, kwa sababu akirudi hatakuwa na mwili ule ulioupima, halafu uikunje uiweke mahali pasipopigwa na jua.